Taa ya katikati ilikufa na kengele haikulia

Barua ya ukaguzi ilitaja mambo mawili: rangi imepauka, na taa ya katikati haiwaki. Mnara wetu wa redio una mita 84, na kazi ya kuurekebisha nilikabidhiwa mimi.

Hesabu ya rangi haikunisumbua. Viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga vinataka mnara wa urefu huo ugawanywe mikanda saba iliyo sawa, ya machungwa na nyeupe kwa zamu, wa juu kabisa na wa chini kabisa ikiwa ya machungwa. Kwetu ni mita 12 kila mkanda. Jasho lilitutoka kwenye chuma. Kimefunikwa kwa zinki, na rangi ikipakwa juu ya zinki laini bila matayarisho hubanduka kama magamba. Tulikwangua, tukaosha, tukapaka praima, yaani rangi ya msingi, inayoshika zinki, ndipo rangi ikafuata. Kila fundi alipokaribia antena nilizima transmita, mtambo unaorusha matangazo, mawimbi yake yasimdhuru. Niliombwa nipunguze nguvu tu ili matangazo yasikatike; nikakataa.

Kilichoniuma ni ile taa. Kileleni kuna taa nyekundu inayowaka na kuzimika, katikati kuna nyekundu inayowaka mfululizo. Hii ya pili ilikuwa imekufa, na hakuna aliyejua tangu lini. Rubani wa helikopta anayeruka chini usiku huitegemea aone mnara unashuka wapi. Siku ileile niliiarifu mamlaka ya anga ili marubani watangaziwe mpaka taa irudi.

Mnara una kengele ya kuonya taa inapokufa. Kwa nini haikulia? Nilifuata nyaya hadi kwenye kisanduku. Balbu za zamani zilikuwa zimebadilishwa kuwa LED, ambazo hula umeme kidogo sana. Kengele hupima mkondo wa umeme, na ukiwa mdogo huona taa imekufa; kwa kuwa haikurekebishwa, ilikuwa ikilia kila usiku ingawa taa zinawaka. Mtu akachoka nayo, akakata waya.

Nilifunga taa mpya, nikaunga waya, nikapanga upya kiwango cha kengele. Kisha nilichomoa taa moja baada ya nyingine, na sikuondoka hadi nilipoisikia ikilia kwa kila moja. Siku hizi mlinzi huinua macho kila jioni giza likiingia, anahesabu taa, anaandika saa na kutia sahihi daftarini. Asubuhi nikifika, daftari hilo ndilo ninaloanza nalo.