Neno ville na safari ya kwenda mjini

Wanafunzi ninaowafundisha Kifaransa hapa Dodoma hukutana na neno ville mapema sana, na wengi hulitamka kwa kufuata fille, yaani msichana, ilhali katika ville sauti ya l husikika waziwazi: "vil". Ni neno la jinsia ya kike, la ville, na hutumika kwa mji wa kawaida na kwa jiji pia. Hivyo hadhi ya jiji ambayo Dodoma ilitangaziwa tarehe 26 Aprili 2018 haibadilishi neno hilo, labda mtu apende kuliongezea grande, yaani kubwa.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni en ville. Mwanafunzi anayepanda daladala kutoka chuo kikuu kwenda soko la Majengo husema "naenda mjini", naye Mfaransa husema je vais en ville. Wote wawili humaanisha kule kwenye maduka na ofisi, hata kama walikotoka pia kumo ndani ya mipaka ya mji huohuo.

Asili yake ni villa ya Kilatini, iliyokuwa nyumba ya shambani, jambo ambalo hunichekesha kidogo. Hôtel de ville, kwa upande wake, si nyumba ya wageni bali ni ofisi ya meya, na msafiri atakayeingia humo na begi lake hatapewa ufunguo wa chumba. Katika nchi mbili za Kongo neno hili limo hata katika majina: Brazzaville ipo hadi leo, na Kinshasa iliitwa Léopoldville hadi 1966.