Hewa Chini ya Kitambaa: Jumamosi ya Agosti Mtaani Ginza

Nilipotoka chini ya ardhi kwenye kituo cha treni cha Higashi-Ginza, jijini Tokyo, ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na kabla sijamaliza ngazi shati lilikuwa limeshanata mgongoni. Mpwa wangu alikuwa akinisubiri juu, chini ya mwavuli mweusi, na mbingu haina hata wingu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

Akanitazama kuanzia kola mpaka viatu. "Hilo shati ni poliesta?"

Lilikuwa poliesta. Mimi ni fundi cherehani, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita, na nililichagua kwa sababu halikunjamani begini. Tokyo wakati wa Agosti huwa na joto linalofika nyuzi 35 na kuendelea, na unyevu wa hewa ni mwingi kiasi kwamba jasho halipati pa kwenda. Ni fukuto. Hapo kitambaa kisichopitisha hewa kinakuwa adhabu.

Nilikwenda kumwona huyu mtoto wa dada yangu anayesoma huko, lakini nilikuwa na haja yangu nyingine. Miaka yote nimekuwa nikiona picha za Ginza: madirisha ya maduka ya kifahari, wanamitindo, taa. Nilitaka kuona watu wenyewe wanavaa nini siku ya kawaida, jua likiwaka, hakuna anayewapiga picha.

Kituo hicho kinatokea mlangoni mwa Kabuki-za, jumba la maonyesho ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, na onyesho la asubuhi lilikuwa karibu kuanza. Kwenye foleni walisimama kina mama wawili wa makamo waliovaa kimono. Nilishangaa. Kimono ni nguo ya kujifunga tabaka juu ya tabaka, na kiunoni inakazwa kwa mshipi mpana. Mimi nilikuwa na shati moja tu na nilikuwa nachuruzika. Wao walikuwa wamekauka, au angalau walionekana hivyo.

Niliposogea ndipo nikaelewa. Kimono zile hazikuwa na bitana, na hariri yake ilikuwa shashi. Wenyewe wanaiita ro: katika kufuma, nyuzi za mtande, yaani za urefu, zinasokotwa mbilimbili kila baada ya mishindio kadhaa, yaani nyuzi za upana, na hapo panabaki mistari ya vitundu vidogo vidogo. Ukitazama kwa karibu unaona weupe wa nguo ya ndani ukipenya. Mpwa wangu aliniombea ruhusa kwa adabu sana, na mmoja wa wale kina mama akanyoosha mkono ili nione mkono wa nguo yake. Alimwambia mpwa wangu kwamba nguo hii inampoza hata anayeitazama. Halafu akanionyesha kitu ambacho sitakisahau: chini ya kwapa, kimono ya mwanamke haikushonwa. Pameachwa upenyo, kwenye mkono na kwenye kiwiliwili. Hewa inaingia kwenye mkono mpana, inapita kwapani, inatokea kwenye kola iliyovutwa nyuma ya shingo.

Ile nguo ina njia za hewa kama nyumba yenye madirisha yanayotazamana.

Nilielezwa pia kwamba kuna kalenda. Tarehe 1 Juni mtu anaweka kando kimono yenye bitana na kutoa isiyo na bitana. Julai na Agosti ndiyo zamu ya shashi. Tarehe 1 Oktoba bitana inarudi. Desturi hiyo wanaiita koromogae, na shule nyingi nazo hubadilisha sare kwa kalenda hiyohiyo. Nchi nzima inasikiliza majira kupitia kabatini. Nilipenda sana.

Tulitembea mpaka njia panda ya Ginza 4-chome, penye jengo la Wako lenye saa kubwa juu, lililokamilika mwaka 1932. Saa sita kamili mchana magari yanazuiwa kuingia Chuo-dori, yaani barabara kuu ya Ginza. Wanafanya hivyo kila Jumamosi, Jumapili na sikukuu; desturi yenyewe ilianza tarehe 2 Agosti 1970. Mara barabara ya kilomita moja na ushei ikawa ya waenda kwa miguu, na viti vikatandazwa katikati ya lami chini ya miavuli mikubwa. Tukapata viwili, tukakaa.

Miavuli! Hicho ndicho kitu cha kwanza. Zaidi ya nusu ya wanawake waliopita walikuwa na mwavuli wa jua: mweusi, mweupe, wa rangi ya mchanga, mingi ikiwa na kitambaa maalumu ndani cha kuzuia miale. Wanaume pia. Si wengi, lakini si wa kutafuta kwa tochi. Mpwa wangu aliniambia kwamba mwaka 2019 Wizara ya Mazingira ilihimiza wanaume waache haya na kubeba miavuli ya jua, kwa ajili ya afya.

Cha pili ni kwamba watu wamejifunika. Nilitegemea mikono wazi na mapaja wazi, na vilikuwepo, hasa kwa wageni kama sisi. Lakini mwenyeji wa kawaida pale amevaa suruali bwaga ya kitani au pamba nyepesi inayopepea kwenye kifundo cha mguu, blauzi pana isiyogusa kiuno, na kofia ya ukingo mpana. Wanawake wengi wamevaa glavu ndefu nyepesi mpaka juu ya kiwiko. Rangi zimetulia: nyeusi, bluu ya giza, nyeupe, kaki, kijivu. Kandambili sikuziona ila kwa watalii. Na kila mtu ana leso ya kufutia jasho. Si ya urembo, inatumika: shingoni, kwenye paji la uso, kwenye ukingo wa nywele. Vyoo vingi vya umma huko havina karatasi za kukaushia mikono, kwa hiyo leso ni kitu cha lazima majira yote.

Kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona kwamba hawa watu wanavaa hewa. Kitambaa kinakaa mbali na ngozi. Mshono wa bega umeshushwa chini ya bega, kwapa limekatwa pana, kiuno kimeachwa huru. Aliyevaa kanzu anajua ninachosema. Kijana wa kigeni aliyepita na singlendi ya kubana alikuwa amepunguza nguo, ndiyo, lakini mabega yake yalikuwa yameiva kwa jua na singlendi imelowa chapa. Aliyepunguza nguo alikuwa na joto kuliko aliyeziachia nafasi. Nilisema kwa sauti, na mpwa wangu akacheka: "Sasa mjomba umeanza kuona."

Ndipo akanisimulia habari ya Kon Wajirō. Mwezi Mei 1925, chini ya miaka miwili baada ya tetemeko kubwa la Septemba 1923 kuiangusha Tokyo, msanifu majengo huyu na wenzake walitembea mtaa huuhuu na daftari, wakiandika kila mtu amevaa nini. Kofia ya aina gani, kola ipi, viatu gani, sharubu zimekatwaje. Walihesabu watu 1,180. Wanaume 67 katika kila 100 walikuwa na nguo za Kizungu. Wanawake? Mmoja tu katika 100. Wengine wote walivaa kimono.

Nilinyamaza kidogo. Miaka mia iliyopita, kwenye lami hii, msichana aliyevaa gauni ndiye aliyegeuziwa shingo. Mimi mchana kutwa, hata kwa kujumlisha wale kina mama wa Kabuki-za, kimono nilihesabu tisa. Jambo limepinduka kabisa ndani ya umri wa mtu mmoja mzee. Na bado ile hekima ya kuachia hewa naiona kwenye suruali bwaga na blauzi pana, kana kwamba mkono uliokata kimono haujasahau, hata kama mkasi ni mwingine.

Jumatatu asubuhi nilirudi peke yangu, maana Jumamosi haina wafanyakazi wa ofisini. Hapo ndipo nikaona mashati meupe ya mikono mifupi, kola wazi, hakuna tai, koti limebebwa mkononi au halipo. Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 2005 serikali ilianzisha kampeni ya Cool Biz: viyoyozi vya ofisi viwekwe nyuzi 28 ili kuokoa umeme, na wafanyakazi waruhusiwe kuacha tai na koti. Viongozi wenyewe wakaanza kuonekana bila tai, na ndivyo wengine walivyopata ujasiri. Chini ya mashati yale utaona mstari wa fulana ya ndani. Usidhani ni kuongeza joto. Fulana ya pamba nyepesi inanywa jasho kabla halijafika kwenye shati, na shati linabaki limesimama. Vijana wachache walipita na suti nyeusi kamili na tai, nyuso zinang'aa kwa jasho; niliambiwa baadaye kwamba huenda walikuwa wanakwenda kwenye usaili wa kazi. Niliwahurumia kwa kweli. Sheria ya joto ilibadilishwa kwa waajiriwa, na anayeomba kazi anaogopa kuitumia.

Lakini nguo bora kuliko zote nilizoziona Ginza haikuwa dirishani. Ilivaliwa na mlinzi wa barabara, mzee mwenye kofia ngumu na fimbo ya taa, akiongoza watu mbele ya jengo linalojengwa. Koti lake lilikuwa limevimba kama boya. Kwa nyuma, usawa wa kiuno, zilishonewa feni mbili ndogo za betri. Zinavuta hewa ya nje, inapita mgongoni ikikausha jasho, inatokea shingoni na mikononi. Nilisimama hatua chache nikizisikia zikivuma. Nikamkumbuka yule mama wa shashi. Hewa iingie hapa, ipite hapa, itokee shingoni! Mmoja amevaa hariri ya kuendea kabuki, mwingine koti la kazi, na aliyebuni kila moja alijiuliza swali lilelile.

Siku ya mwisho nilinunua mwavuli wa jua, yeni 3,300, na jora moja la pamba ya yukata, nguo nyepesi ya kiangazi iliyotokana na vazi la kuogea la zamani. Jora lina upana wa sentimita 37 hivi na urefu wa mita 12, na hilo linatosha nguo moja ya mtu mzima. Unakata vipande vinane, vyote vya mstatili, hakuna kipinda wala kikwapa cha duara, na hakibaki kitambaa cha kutupa. Nikiwa nimejaribu ya kiume dukani, nilipitisha upande wa kulia juu ya kushoto, na muuzaji akaja kimyakimya akanibadilishia. Kushoto juu ya kulia ndivyo wanavyovaa walio hai. Kinyume chake huvikwa maiti.

Usiku ule mpwa wangu alitandika yukata yake mkekani. Nilipiga magoti na futi yangu ya kupimia, nikaandika urefu wa bega, upana wa mkono, kina cha kola.

"Mjomba, unamshonea mama?"

"Namshonea mama yako."

"Atakuambia umesahau kushona kwapa."

"Shika hapo," nikamwambia, nikaweka futi kwenye ule upenyo.