Mint au Windows? Kumbukumbu za kompyuta ya nyumbani

Hali ilivyo

Naamua kama kompyuta ya nyumbani ibaki na Windows au ihamie Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, mmoja wa familia ya Linux. Mashine ni HP EliteBook 840 G3, mtumba wa Kariakoo, RAM GB 8. Prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka cha 8 kwenda juu. Zipo hila za kuiweka hivyohivyo, ila sitaki kompyuta ya familia iishi kwa hila.

Windows 10 iliyomo ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025. Haijazima wala haitazima. Kinachokosekana ni viraka vya usalama, na hii ndiyo mashine ninayoingilia benki na kutunzia daftari la kikoba. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft imeongeza viraka hadi 13 Oktoba 2026, ila lazima ujiandikishe. Ukiwa na akaunti yao na ukakubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi. Usipotaka hivyo ni dola 30. Nimejiandikisha. Presha imeshuka, naweza kuamua taratibu.

Watumiaji ni watatu: mimi, mama watoto ambaye ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi, na binti yetu. Binti simhesabu kwenye mjadala huu, yeye anataka brauza na muziki, na brauza ni ileile kila mahali.

Diski kwanza

Kabla ya kugusa mfumo nilitoa diski ya zamani ya kuzunguka, nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, nikahamishia Windows ileile kama ilivyo. Nilikuwa na sababu. Wengi wanaosema "nimeweka Linux, mashine imekuwa mpya" wamebadilisha na diski siku hiyohiyo, kisha sifa zote anapewa Linux. Nilitaka kujua nani kafanya nini.

Jibu: diski. Windows 10 sasa inawaka haraka, Word inafunguka mara moja. Kwa hiyo kasi nimeifuta kwenye sababu za kuhama. Zimebaki mbili: usalama baada ya Oktoba 2026, na bando. Hii ya bando si ndogo. Mint inakuonyesha masasisho na ukubwa wake, halafu inasubiri uamue, hata kama ni mwisho wa mwezi.

Majaribio kwenye flashi

Nimechagua Linux Mint 22, toleo la Xfce, lenye mwonekano mwepesi. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na matunzo yake yanafika 2029. Faili inakaribia GB 3, nikaishusha kwa bando la usiku, nikahakiki namba zake za sha256 kujua kama imefika bila kuharibika, nikaiandika kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus. Unawasha huku unabonyeza F9, unachagua flashi, na Mint inafanya kazi bila kugusa diski. Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, vyote sawa. Epson L3110 yetu ilichapisha kwa waya bila kuwekewa chochote. Usichukulie hilo kuwa kawaida ya printa zote: zipo za leza, ndogondogo, zinazoelewa lugha ya kampuni yake tu, na hizo zinaweza kukulaza macho. Jaribu printa kabla ya kupenda sura ya mfumo.

Mambo mawili yanayostahili kuandikwa.

Faili za upande wa Windows zilifunguka lakini zikakataa kuhifadhiwa. Kumbe Windows 10 ukiizima haizimi kabisa, inajilaza nusu ili kesho iwake haraka, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo inakataa kuiandika isije ikaharibu. Dawa ni kufungua dirisha la amri la Windows kama msimamizi, kuandika `powercfg /h off`, kisha kuzima upya.

La pili ni saa. Niliporudi Windows saa nane mchana, kioo kikasema saa tano asubuhi. Linux huichukulia saa ya kwenye bodi kuwa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, Windows huichukulia kuwa ya hapahapa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Mifumo miwili ikikaa pamoja, upande wa Mint unaandika `timedatectl set-local-rtc 1` na ugomvi unaisha.

Daftari la kikoba

Mint inakuja na LibreOffice, programu za bure za ofisi: Writer mahali pa Word, Calc mahali pa Excel. Calc ililifungua faili la Excel, na jumla za hisa na mikopo zikalingana hadi shilingi. Kitufe cha kutoa stakabadhi, kilichotengenezwa kwa macro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), hakikuitika. Stakabadhi nitajaza kwa mkono, wanachama wanazipenda zenye sahihi ya wino hata hivyo.

Mwalimu

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Azimio la kazi lilianza vibaya. Ni jedwali la ukurasa uliolala, safu nyingi, fonti Calibri. Bila Calibri maneno yalitanuka na safu ya mwisho ikamwagikia ukurasa wa pili. Nikaweka Carlito, fonti ya bure yenye vipimo vilevile, jedwali likarudi mahali pake. Kilichomfurahisha zaidi ni kamusi ya Kiswahili ya LibreOffice: ile mistari myekundu chini ya kila neno ikapungua. (Wenye umri wangu watakumbuka Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004. Kiswahili humu si mgeni.)

Kisha tukafungua mtihani wa darasa la saba.

"Baba, hii B inafanya nini humu ndani?" mama watoto akauliza.

Pembetatu ABC aliichora kwenye Word kwa mistari, na herufi za pembe akaziweka kwenye visanduku vya maandishi. Upande wa Mint kila kisanduku kilisogea kidogo. B ilikuwa katikati ya umbo, na alama ya nyuzi 90 ikaegemea pembe isiyo yake. Mtoto angejibu swali jingine kabisa. Na ana mitihani ya miaka mingi aliyoichora hivyo.

Tulijaribu njia nyingine: umbo lichorwe GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo ya hisabati, ndani ya brauza, lihifadhiwe kama picha, ndipo liingizwe kwenye mtihani. Picha haisogezi herufi, Word wala Writer. Ameikubali kwa mitihani mipya. Ya zamani hataki kuichora upya, na mimi sina uso wa kumwomba.

Nilipofikia

Hatuhami, tunagawa diski. Windows inabaki kwa ajili ya mitihani ya zamani, na kadiri anavyoihitaji ataigeuza kuwa PDF kutoka Word yenyewe. Benki, kikoba na brauza vinahamia Mint. Jumamosi natoa nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje, kisha nasakinisha.

Sharti la mwalimu ni moja: usipochagua kitu wakati wa kuwasha, Windows ndiyo iwake, mpaka mitihani ya muhula ipite. Ni mstari mmoja tu ndani ya `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya orodha hiyo ya kuwashia, kisha `sudo update-grub`. Nimekubali.