Tafakari ya Wiki: Sekunde 110

Somo: Zaburi 19:2. "Mchana husemezana na mchana, usiku hutolea usiku maarifa."

Wapendwa, mstari huu huwa tunaupita haraka, kana kwamba ni ushairi mtupu. Lakini hata ukiondoa mwezi, nyota na taa zote, anga la usiku lina nuru yake, na nuru hiyo ni akiba ya mchana. Miali ya jua hupasua molekuli za oksijeni angani juu na kuzing'oa elektroni. Jua likizama, vilivyotengana huanza kurudiana, na nguvu iliyohifadhiwa hutoka kama mwanga. Kwenye kilomita 95 hivi juu yetu mwanga huo ni wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 557.7, mwanafizikia wa Sweden Anders Ångström aliutambua mwaka 1868.

Wa kilomita 250 na zaidi ni mwekundu, nanomita 630, na hapa tutulie kidogo. Ayoni ya oksijeni, yaani molekuli iliyong'olewa elektroni, ikikutana na elektroni hugawanyika, na atomu moja inaweza kubaki imesisimka, imebeba nguvu ya ziada. Atomu hiyo huhitaji wastani wa sekunde 110 ndipo itoe nuru yake. Ikigongwa na jirani kabla ya hapo, nguvu yote huishia kwenye joto, nuru haitoki. Ndiyo maana wekundu huo hauonekani kwenye hewa nzito ya chini. Kule atomu zinasukumana mno. (Ile ya kijani haina subira hiyo, humaliza chini ya sekunde moja.)

Ni nani kati yetu anayekaa sekunde 110 katika sala bila kugongwa? Simu peke yake yatosha kutugonga.

Watakaotoka kuitazama wachague usiku usio na mwezi, mbali na taa. Kamera ikae kwenye stendi, ISO 3200, lenzi f/2.8, sekunde 20 hadi 30, ielekezwe nyuzi 10 hadi 15 juu ya upeo, ambapo jicho hupenya tabaka lenye nuru hiyo kwa mshazari na mwanga hujikusanya. Rangi isiachiwe kamera ijipangie, itaufuta ukijani. Lenzi ifutwe umande. Macho yatauona utando wa kijivu tu, tena baada ya nusu saa gizani. Zaburi ikaririwe kwa kichwa: tochi ya kusomea itawarudisha mwanzo, nusu saa nyingine ya kungoja.