Kwa nini sikungoja kidondoke chenyewe

Tangu nitolewe kidole kidogo cha mguu wa kulia, swali ninaloulizwa zaidi si kama niliumia. Watu wakishaelezwa ugonjwa wenyewe wanauliza: sasa kama kingedondoka chenyewe, kisu kilikuwa cha nini? Wanauliza kwa nia njema. Wengine wanacheka kidogo wakiuliza, nami nacheka nao. Nikibaki peke yangu swali linarudi, kwa hiyo leo naliandikia jibu, tumalizane.

Ugonjwa unaitwa ainhumu. Ni nadra, na hata wahudumu wengi wa afya hawajawahi kuuona. Unaanzia kwenye shina la kidole cha mwisho, upande wa ndani, pale kinapoungana na wayo. Kinatokea kimkunjo kidogo ambacho ungedhani ni ufa wa ngozi kavu. Kimkunjo kinazidi kina, kinakizunguka kidole, na chini yake panajengeka kovu gumu linalobana. Damu inapita kwa shida, neva inabanwa, na mfupa uliopo hapo unalika taratibu mpaka unakatika. Mwishowe kidole kinaning'inia kwa kipande cha nyama, kisha kinaachana na mguu. Kwa mmoja yote haya huchukua miezi, kwa mwingine miaka mingi. Mimi nilikuwa wa miaka.

Na miaka hiyo ndiyo watu hawaielewi. Mtu mwenye kidonda hupata watetezi: kila anayekiona anamwambia nenda hospitali. Kimkunjo hakimtishi mtu. Kidole changu kwa muda mrefu kilikuwa kizima ukikitazama, hakina usaha wala weusi, ukucha unaota na naukata pamoja na wenzake. Kilikuwa kimenenepa tu kwa mbele na kukabwa shingoni. Baadaye kikaanza kupinda, ukucha ukawa unatazama nje badala ya juu.

Hapo ndipo nilipojifunza kuvaa soksi upya. Unaufungua mdomo wa soksi kwa mikono miwili, unaupanua kabisa, unaupitisha juu ya kidole bila kukigusa, kisha unaushusha nyuma yake polepole. Ukiharakisha, uzi mmoja tu ukinasa kwenye ukucha, kidole kinageukia kusikokuwa kwake na maumivu yanapanda mpaka gotini. Shuka nayo ilinifanyia vivyo hivyo, nikawa nalala mguu ule uko nje. Chini ya mkunjo ngozi ilikuwa inapasuka na kutoa majimaji, kwa hiyo kila jioni nilipaosha, nikapakausha kwa ncha ya kitambaa, nikapachika pamba. Mtu anayeniambia ningengoja tu hajui kwamba kungoja nako kulikuwa kazi ya kila siku.

Hospitali nayo ina hadithi yake. Wa kwanza kunitazama alifikiria kisukari. Sukari ikapimwa, ikawa sawa. Mwingine akafikiria ukoma, na simlaumu. Ukoma, kisukari, soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba), na yale magonjwa ya kurithi yanayofanya ngozi ya nyayo iwe nene kupita kiasi, yote yanaweza kuleta mkabo wa namna hii, na ni lazima yaondolewe kwanza kwenye hesabu kabla mtu hajaambiwa ana ainhumu. Akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo kwa kipande cha pamba, nami niseme ni wapi. Nilipatia kila alipogusa. Sijawahi kufurahia kutekenywa kiasi kile! Ila niseme ukweli: kati ya siku aliyolitaja lile neno na siku ya majibu, nilikuwa nimeshaanza kupanga nani nitamwambia na nani nitamficha. Ukoma una dawa, unapona, hilo nalijua. Kulijua hakukunisaidia usiku.

Aliyelijua jina la ugonjwa wangu alikuwa daktari mmoja mama wa makamo. Aliishika picha ya eksirei dhidi ya mwanga wa dirisha, akanionyesha kwa kalamu. "Unauona huu mfupa, mwanangu? Angalia ulivyochongoka hapa." Kweli ulikuwa umechongoka kama penseli, ncha yake ikiishia pale pale penye mkunjo, na ng'ambo yake kipande cha mfupa kinaelea peke yake. Kisha akaniomba ruhusa awaite wanafunzi wake, kwa kuwa huenda wasiuone tena. Nikaruhusu. Wakaja, wakaamkia, wakauzunguka mguu wangu. Mmoja tu ndiye aliyeuangalia uso wangu kabla ya kuuangalia mguu, akauliza, "Kinauma?" Nikamwambia kikiguswa. Akaandika. Mpaka leo namkumbuka huyo.

Chanzo cha ainhumu hakijathibitika. Zimetajwa sababu nyingi: mishipa ya damu ya mguu kuwa myembamba, ngozi yenye tabia ya kujenga makovu mazito, kurithi, maana imewahi kuonekana kwa ndugu wa familia moja. Na imetajwa mara nyingi kutembea pekupeku. Hapo kwenye pekupeku ndipo ninaponuna. Inawezekana michubuko ya mara kwa mara inachangia, sibishi. Lakini wanaotembea pekupeku maisha yao yote ni wengi mno, na karibu wote wanazikwa na vidole vyao kumi. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 50. Basi ukishaweka "mtu mweusi" na "pekupeku" katika sentensi moja, msomaji anamalizia mwenyewe: hawa hawajui kuvaa viatu. Mimi nimevaa viatu tangu utotoni.

Aliyeuelezea kwa kirefu na kuupa nafasi kwenye vitabu ni José Francisco da Silva Lima, daktari mzaliwa wa Ureno aliyefanya kazi Bahia, Brazil. Aliandika mwaka 1867. Mwaka huo Brazil bado ilikuwa na watumwa, na iliendelea kuwa nao mpaka 1888. Aliowaona na vidole hivyo walikuwa Waafrika, watu waliovushwa bahari kwa nguvu. Nimelifikiria hilo sana kuliko nilivyotarajia. Mimi nililalamikia soksi. Mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine, kidole kinaning'inia, anabeba mzigo juu ya mguu uleule, na hakuna wa kumwambia kwamba leo hawezi kusimama. Silva Lima namheshimu, aliangalia kwa makini pale ambapo wengi wasingeangalia kabisa. Ila nikisoma habari zake, macho yangu yanawatafuta wenye vidole.

Sasa kisu. Kwa hatua niliyofika, kovu lisingelegea na mfupa usingerudi. Kilichobaki ni kuchagua kidole kiondoke namna gani. Maumivu yangeendelea mpaka mwisho, na ule ufa wenye majimaji ungeweza kuingia vijidudu wakati wowote. Hizo ndizo sababu nilizompa daktari, na ni za kweli. Ile ambayo sikumpa ni kwamba sikutaka kukikuta kwenye soksi. Nililiwaza mara nyingi: natoka kazini, navua viatu, navuta soksi, na kitu kinabaki ndani. Kwa wengine hilo ni dogo, tena wanasimulia kwamba siku ile hawakuhisi hata maumivu. Mimi nilitaka niwepo.

Nikawepo. Sindano za ganzi ndizo zilizouma, mbili za kwanza hasa, baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu na mlio wa vyuma kwenye sinia. Waliniuliza kama nataka kukiona. Nilikiona: kidogo kuliko nilivyokifikiria, cha mviringo, ukucha wake nimeukata vizuri wiki ileile. Kikapelekwa maabara.

Kutembea natembea sawasawa. Uzito wa mwili mguuni unabebwa zaidi na kisigino, kidole gumba na mifupa ya mbele ya wayo, huyu wa pembeni mchango wake ni mdogo. Siku za mwanzo kilikuwa kinaniwasha mahali ambapo hakipo, nikawa najikuta mkono unakwenda kukuna hewa. Imepungua.

Kinachoniweka macho sasa ni mguu wa kushoto, kwa kuwa ainhumu mara nyingi huchukua miguu yote miwili. Kwenye shina la kidole cha mwisho, upande wa ndani, kuna mstari. Daktari ameuona. Anasema mapema hivi kuna la kufanya: kuukata ule mkabo na kuipanga ngozi upya kwa mshono wa umbo la Z ili usibane tena, au kuanza na sindano za steroidi, dawa ya kulainisha kovu, kwenye kovu lenyewe. Hakuniahidi kitu, nami nimependa hivyo. Tumekubaliana kwanza apapime na kupapiga picha, aone panakwenda kasi gani, kisha tuamue.

Dada yangu nimemlazimisha avue viatu niangalie vya kwake. Alinung'unika, akasema nina kazi ya kuwatafutia watu maradhi, kisha akaketi na kunyoosha miguu. Nimemtanua vidole kimoja kimoja mbele ya taa. Hana kitu. Akaniomba habari za nyayo zake nisizipeleke kokote, na sasa ndiyo nimezipeleka.