Golden Hawk ya 1957 na tundu dogo lililozibwa

Gari aliloniletea mzee jirani yangu hapa Indiana lilikuwa Studebaker Golden Hawk ya mwaka 1957, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: liliwaka vizuri, lilitembea mjini bila tatizo, lakini kila lilipokanyagwa mafuta hadi mwisho kwenye barabara kuu lilivuta kwa nguvu sekunde tatu au nne, kisha likaanza kukohoa na kufifia kana kwamba tangi limekauka. Mafundi wawili walikwisha kubadilisha plagi, koili na hata kabureta, na mzee alikuwa amekata tamaa akiamini kwamba supachaja, yaani mashine inayoisukumia injini hewa ya ziada, imekufa.

Supachaja hiyo ndiyo inayofanya gari hili litafutwe. Mwaka 1956 Golden Hawk ilitumia injini kubwa ya Packard yenye nguvu za farasi 275, injini iliyolielemea gari upande wa mbele. Mwaka uliofuata kiwanda cha Studebaker cha South Bend kiliiondoa, kikaweka V8 yake chenyewe ya inchi za ujazo 289, yaani karibu lita 4.7, na kuifungia supachaja ya McCulloch ili ifikishe farasi wale wale 275. Yalitengenezwa magari 4,356 mwaka huo, na 878 tu mwaka 1958, ikawa ndiyo basi. Ford nao walifunga supachaja za McCulloch kwenye Thunderbird chache za 1957, takriban mia mbili. (McCulloch ni yule yule wa misumeno ya mnyororo, ambaye mwaka 1968 alinunua daraja la London na kulihamishia Arizona jiwe kwa jiwe.)

Mimi nilijifunza kazi Tanga, kwenye gereji ya malori, kwa hiyo tabo nazijua, lakini supachaja sikuwahi kuigusa. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, ilhali hii huzungushwa na mkanda, na ndani yake gololi za chuma huiongezea feni kasi zaidi ya mara nne ya kasi ya puli. Puli yenyewe hubadilika: ukiendesha taratibu feni huzunguka kwa kiasi, lakini ukikanyaga mafuta hadi mwisho swichi ya umeme huiamuru puli iongeze kasi, na shinikizo la hewa hupanda hadi kama pauni tano kwa inchi ya mraba. Nilianza hapo. Mafuta yake, ambayo si ya injini bali ni yale ya giaboksi ya otomatiki, yalikuwa safi; nilipoizungusha kwa mkono haikukwaruza; na geji niliyoiunga ilisoma pauni nne na nusu gari lilipokanyagwa. Supachaja ilikuwa hai kabisa.

Ndipo nilipounga geji ya pili kwenye bomba la petroli, nikapitisha mpira wake nje ya boneti na kuibandika geji kwenye kioo cha mbele kwa upande wa nje, kwa sababu petroli haina nafasi ndani ya gari lenye abiria. Mzee aliendesha, mimi nikasoma. Gari likiwa limetulia geji ilionyesha pauni tano. Alipokanyaga, hewa ikapanda hadi nne na nusu, lakini petroli ikabaki pale pale kwenye tano, na baada ya muda mfupi kikohozi kikaanza.

Nakiri kwamba kwa siku nzima sikuiona maana ya namba zile, kwa kuwa dizeli ilikuwa imenizoesha vibaya: lori halina kabureta. Kwenye Golden Hawk hewa ya supachaja hupulizwa kupitia kabureta yenyewe, iliyofunikwa kwa kifuniko kisichovujisha, kwa hiyo kibakuli cha petroli chenye floti (boya la kupimia kiasi cha petroli) nacho hujaa shinikizo lile lile. Pampu inayosukuma kwa pauni tano ikikutana na kibakuli chenye nne na nusu, inabakiwa na nusu pauni tu ya kuingizia petroli. Injini inakunywa kilichomo kibakulini, kisha inakaa na kiu.

Kilichonifumbua macho ni boliti. Kwenye kifuniko cha kabureta kulikuwa na tundu dogo lenye nyuzi, limezibwa kwa boliti iliyokatwa kwa msumeno, na nilipoitazama nikakumbuka kile kibomba chembamba cha malori kinachotoka kwenye manifoldi hadi kwenye pampu ya nozeli, ambacho huiarifu pampu kwamba tabo inapuliza, iongeze dizeli. Nikafungua kitabu cha vipuri cha Studebaker, na kweli, injini yenye supachaja ina pampu yake ya petroli, tofauti na ile ya kawaida, yenye njia ya kupokea hewa chini ya dayaframu, ile ngozi nyembamba inayosukuma petroli, ili shinikizo la hewa lisaidiane na springi. Pampu iliyokuwa kwenye gari ilikuwa ya kawaida, ambayo upande huo ina tundu la kupumulia tu. Kufunga bomba la hewa kutoka kwenye tundu la kifuniko hadi kwenye pampu ile kusingewezekana.

Kupata pampu halisi iliyokarabatiwa kulichukua wiki tatu na fedha nyingi kuliko nilivyopenda kumwambia mzee. Bomba nililitengeneza mwenyewe kwa shaba, nikalipinda taratibu lisiguse ekzosi, kisha nikapima uvujaji kwa maji ya sabuni.

Tulirudi barabarani na geji zile zile. Hewa nne na nusu. Petroli ikapanda nayo hadi tisa na ushee, na gari likavuta hadi mzee mwenyewe akaondoa mguu.

Aliposimamisha gari alifungua boneti, akaligusa lile bomba kwa kidole, akaniuliza ni nani aliyeziba tundu. Sikuwa na jibu. Nilimpa ile boliti iliyokatwa, akaigeuzageuza, akaitia mfukoni.