Kabla ya kuuliza bei, nenda nyuma ya ukuta

"Shemeji, hii itanila kiasi gani?" Ndivyo ujumbe ulivyokuja, chini yake picha ya ukuta wa besimenti yake, chumba cha chini ya ardhi. Ufa mmoja wa kulala, umetembea karibu urefu wote wa ukuta, usawa wa kiunoni hivi, na rangi imebanduka kuufuata. Pembeni, kwenye kona, nyufa nyembamba zinapanda kwa ngazi kupitia viungo vya matofali.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Watu wakijua hivyo hudhani natembea na bei mdomoni kama muuza nyanya. Nikamjibu atoke nje, asimame upande wa pili wa ukuta huo huo, anipigie akiwa pale.

"Nje kuna nini, shemeji? Udongo tu."

Huo "udongo tu" ndio utakaokula pesa yake. Ukuta wa besimenti hubeba nyumba na pia huzuia ardhi isiingie ndani. Udongo mkavu husukuma, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo msukumo unavyozidi. Ukilowa, mambo hubadilika kabisa: maji yakisimama nyuma ya ukuta hadi kina cha mita 2, kule chini yanasukuma kwa takriban tani 2 kwa kila mita ya mraba, achilia mbali udongo wenyewe. Kama ni udongo wa mfinyanzi, huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, msimu baada ya msimu. Tofali la saruji linavumilia sana kukandamizwa kutoka juu, lakini ukuta wa matofali usio na nondo ukisukumwa kutoka ubavuni hauna cha kujishikilia. Kiungo cha katikati kinafunguka, ukuta unafanya tumbo. Ukuta wa zege la kumwaga huonyesha tatizo lile lile kwa namna nyingine: mara nyingi nyufa za mshazari kutoka konani, au ukuta mzima kuinama ndani.

Nilipomhoji vizuri, yakatoka. Bomba la gata linashuka kwenye kona ile ile na kuishia hapo hapo, juu ya msingi. Ardhi imelala kuelekea nyumbani. Na pikapu yake analaza sambamba na ukuta, karibu kuugusa, kwa hiyo uzito wake nao unashuka ardhini na kugeuka msukumo. Tukapiga hesabu ya maji: paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 25, hizo ni lita 2,500. Nusu yake inamwagwa kwenye kona moja kila mvua inapokolea.

Kwa hiyo mstari wa kwanza katika makadirio yangu ulikuwa wa bomba la kuyapeleka maji mita 2 au 3 mbali na ukuta, na kifusi cha kuinua ardhi ili ishuke angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za mwanzo. Ni kazi rahisi kuliko zote. Haitaunyosha ukuta, ila ukiiacha, utakachofunga kwa ndani kitapambana na mzigo ule ule.

Mstari wa pili ni vipimo. Ning'iniza timazi kutoka juu ya ukuta, pima umbali kati ya kamba na ukuta kwa vimo tofauti, kisha sogea mita moja urudie. Andika tarehe. Piga alama za penseli pande zote mbili za ufa, upime tena baada ya mvua. Tumbo la shemeji (la ukuta wake, nisieleweke vibaya) lilifika milimita 38 mahali palipozidi. Kipimo hicho ni muhimu kwa sababu mafundi wengi huchukulia sentimita 5 kama mpaka: chini ya hapo, na kama ukuta haujateleza kwenye mstari wa chini wa matofali, vipande vya nyuzi za kaboni vinaweza kutosha. Mpaka huo ni wa kukisia tu. Mwenye neno la mwisho ni mhandisi wa miundo.

Kaboni hubandikwa kwa gundi ya epoksi, wima, kila baada ya mita moja na kitu. Bei yake hufuata idadi ya vipande, na idadi hufuata urefu wa ukuta. Lakini lazima rangi na plasta zikwanguliwe hadi kwenye tofali, na ncha zishikwe juu na chini. Na ijulikane mapema: kaboni hushikilia tumbo lisiongezeke, hairudishi ukuta ulikotoka. Shemeji alikuwa amejaza ukuta ule makabati ya kupigiliwa. Kuyang'oa na kuyarudisha ni kazi ya watu, na hakuna aliyeiweka kwenye bei.

Mihimili ya chuma, ile inayosimamishwa wima ukutani, hukubali tumbo kubwa zaidi. Mguu wake unashikwa na zege la sakafu, kichwa kinafungwa kwenye maboriti, zile mbao zinazobeba sakafu ya juu. Angalia maboriti yanaelekea wapi. Yakiwa sambamba na ukuta, lazima yaongezewe mbao za kukatiza ili mhimili upate pa kushika, na hapo ndipo bei mbili zinazofanana kwa macho zinapoachana.

Nanga za udongoni, yaani fimbo za chuma zinazopita ukutani hadi kwenye bamba lililozikwa nje, zinaweza kuuvuta ukuta urudi taratibu, kwa kukaza fimbo zake kidogo kidogo. Ila bamba la nje huzikwa mita 3 au zaidi kutoka ukutani. Kama kiwanja chako kinaishia mita 2, hiyo si yako.

Kuchimba nje ndiko ninakokuogopa zaidi. Hapo hulipii ukuta, unalipia njia ya kuufikia. Je, kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinapita, au vibarua watachimba kwa sepetu? Kuna kibaraza juu yake? Bomba la maji taka linapita wapi? Udongo utarundikwa wapi, na nani ataubeba? Mtaro wa mita 2 hauchimbwi wima ukaachwa hivyo huku watu wako ndani. Kingo zilazwe au zishikiliwe. Faida yake ni kwamba ukishafika chini unaweza kunyoosha ukuta, kuupaka kizuia maji, kulaza bomba la kutolea maji na kujaza kokoto. Kuubomoa na kuujenga upya huongeza juu ya hayo gharama ya kuitegemeza nyumba kwa jeki.

Shemeji alipata makadirio matatu, akashangaa yanavyopishana. Mimi sikushangaa: mmoja alikadiria kaboni, mwingine chuma, wa tatu aliandika "kurekebisha ukuta" na jumla. Huyo wa tatu nilimwambia shemeji amrudishie karatasi. Nataka idadi, nafasi kati ya kipande na kipande, kazi ya kukwangua, kibali, usafi, na dhamana inayosema inalinda nini na kama inahamia kwa mnunuzi nyumba ikiuzwa. Na mhandisi alipwe kando, asiwe mtu anayeuza kaboni wala chuma.

Mhandisi aliyekuja amechora vipande vya kaboni, kwa sharti kwamba gata itengenezwe kwanza na gari lihame. Sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi inasubiri mvua kubwa zipite na timazi irudiwe.